Mbuzi Watatu wa Mwisho

Siku ya kuchuma avokado za kwanza za Mzee Hezekiah, mkwe wake Muchangi alifika Kianjokoma Jumamosi saa nne asubuhi akiwa ndani ya suti. Prado nyeupe ilipanda kilima polepole, kwa sababu ingepanda haraka wangeiona wachache, ikaingia langoni na mikate sita, sukari kilo kumi, unga wa ngano, majani ya chai na katoni mbili za soda. Muchangi hakuwahi kwenda ukweni mikono mitupu. Kwenda bila gari ndilo jambo ambalo hata halikumjia akilini. Mtu anayeuza miche, alizoea kusema, lazima aonekane miche imemlipa. Nani atanunua mti wa kula kesho kwa mtu anayetembea kwa miguu leo?

Mkewe Wambeti alishuka akaenda jikoni kwa mama yake. Nje kulikuwa na majirani kama kumi na watano, wameketi kwenye mabenchi ya kuazima kanisani. Mzee aliwaita waje washuhudie, na si kwa maringo tu. Miaka mitatu na nusu iliyopita, majirani haohao walimwona aking'oa kahawa aliyoachiwa na babake, shina baada ya shina, wakatikisa vichwa. Leo alitaka wayale maneno yao pamoja na mukimo.

Tena miti ile haikuwa miti ya kununua tu. Ilikuwa mahari. Walipobaki mbuzi watatu kumaliza mahari ya Wambeti, Mzee Hezekiah alisema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba mbuzi hana pa kuwalishia. Apewe miche themanini ya Hass, avokado inayouzwa ng'ambo, kutoka kitalu cha mkwe wake kule Manyatta, na mambo yaishe. Wazee walicheka, wakakubali, wakanywa uji.

Mnunuzi alikuwa kijana mmoja anayeitwa Kinyua, wakala wa watu wanaopeleka avokado ng'ambo. Alikuja na vijana wanne na kreti za kutosha lori. Hakukaa. Alienda moja kwa moja hadi mti wa kwanza, akashika tunda, akaligeuza. Akaenda mti wa pili, wa tano, wa kumi. Aliporudi alikuwa na tunda moja mkononi, shingo ndefu, ngozi laini.

"Mzee, mimi nimeambiwa hapa ni Hass."

"Ni Hass."

"Hass iko na vipele. Hii imeteleza hivi, shika uone. Hii ni avokado ya soko tu. Tukipeleka hii itarudishwa, na mimi ndiye nitafutwa kazi."

"Kijana," Mzee Hezekiah alisema, bado anatabasamu, "wewe umezaliwa juzi. Mwenye miche ndiye huyu hapa. Baba Mukami, mweleze huyu. Si uliniambia vipele vitatoka zikikomaa?"

Watu wote walimgeukia Muchangi. Ni kweli alikuwa amesema hivyo, mwezi wa kwanza, kwa simu. Na kabla ya hapo, siku ya Krismasi, alitoka nje baada ya chakula akasimama chini ya mti mmojawapo. Alisugua jani kati ya vidole akanusa. Lilikuwa na harufu ya mbali kama ya dawa ya kikohozi, harufu ambayo mtu wa vitalu anajua haipaswi kutoka kwenye mti wa Hass. Alilitupa lile jani, akarudi ndani, akaongezewa kuku.

Sasa alikohoa. Alilegeza tai.

"Mzee, hii ni kazi ya Njagi," alisema. "Yule fundi niliyekuwa naye wa kupandikiza. Nilimwamini sana. Inaonekana alinichanganyia vikonyo, vile vijiti vya kupandikiza."

Alisema kwa urahisi uliomshangaza hata yeye. Mzee Hezekiah alilitazama lile tunda mkononi mwa Kinyua kwa muda mrefu. Kisha akawaambia majirani wale chakula kwa sababu kimeshapikwa. Kreti zilirudi zilivyokuja.

Wambeti alipanda gari, akafunga mkanda, akaangalia mbele. Walipita Manyatta, wakapita kitalu chao wenyewe kando ya barabara, penye kibao kikubwa chenye picha ya Muchangi akicheka na avokado mbili mikononi. Hakugeuka kukitazama. Walipofika Embu mjini kwenye nyumba yao ya ghorofa, ya kupanga, elfu arobaini na tano kwa mwezi, alivua viatu akakaa kwenye kiti cha jikoni badala ya sofa.

"Baba Mukami, Njagi aliacha kazi lini?"

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Ni ile wiki gari ilikuja. Nilimwambia angoje chai, aone gari, akasema ashaenda. Na mvua ilikuwa bado. Miche ya baba wewe ulipandikiza mvua ikinyesha, nilikuwa nafunga utepe na mikono yangu. Sasa Njagi alichanganya aje kama hakuwepo?"

Muchangi alifungua friji, akaangalia ndani, akaifunga.

"Vikonyo ulitoa wapi?"

"Mama Mukami, order ilikuwa miche elfu tatu. Vikundi vya akina mama vilikuwa vimelipa yote. Ningewaambia nini?"

"Nimekuuliza ulitoa wapi."

"Huko kando ya mto. Kwa mashamba ya watu."

"Avokado gani?"

"Avokado tu."

Hapo Wambeti alielewa, kwa sababu hakuwa mjinga na hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Kitalu chao kiliwahi kuwa na nusu ekari ya miti mama, Hass ishirini walizozipanda wakiwa bado maskini. Humo ndimo vikonyo vyote vilimokatwa. Muchangi aliiuza ile nusu ekari ili anunue gari. Alijipigia mahesabu kwamba vikonyo vinapatikana popote, lakini Prado safi kwa bei ile haipatikani mara mbili. Aliyenunua shamba aling'oa miti akajenga vyumba vya kupangisha. Gari nalo halikuja peke yake. Lilitaka mafuta, bima na magurudumu, na lilizaa mialiko, maana mtu mwenye Prado haachwi nje ya harambee. Nyumba ya Manyatta ikaonekana ndogo kwa gari kubwa. Shule ya mtoto wao Mukami ikaonekana ya kijijini. Kila shilingi iliyoingia kitaluni iliitwa mjini kabla haijapoa, na mvua ilipofika hapakuwa na ya kununulia vikonyo vya kweli. Kikonyo ni kijiti cha urefu wa kidole. Kikishafungwa utepe, mnunuzi hawezi kujua kimetoka kwa mti gani mpaka miaka mitatu ipite, na miaka mitatu, kwa mtu anayelipa kodi kila tarehe tano, ni mbali sana.

"Mimi ndiye nilichagua hiyo rangi nyeupe," Wambeti alisema. "Sikuuliza pesa imetoka wapi. Nilifurahi tu. Hayo ni makosa yangu na sitaki uniondolee. Lakini babangu, Baba Mukami? Kwa mahari?"

"Nitamaliza hii maneno. Nipe siku mbili."

"Unajua wazee wakisikia watasema nini? Watasema wale mbuzi hawajafika. Watasema nimekaa kwako miaka hii yote na sijaolewa kumalizika."

Hakulia. Afadhali angelia, maana Muchangi alizoea kubembeleza. Wambeti aliokota viatu vyake akaenda kulala.

Jumapili ilikuwa harambee ya kanisa moja upande wa Manyatta, na mgeni wa heshima alikuwa Muchangi. Alivikwa shada la karatasi za kumetameta shingoni. Mwenye kipaza sauti alimvika kilemba cha ukoka mpaka akasema huyu ndiye mtu aliyeleta dola katika vijiji vyetu. Akina mama walipiga vigelegele. Simu ikatetemeka mfukoni, akaisoma chini ya meza. Ilikuwa meseji ya Mzee Hezekiah, iliyoandikwa taratibu na mtu asiyezoea: *Jumatano saa tatu kwa chifu. Njagi ameambiwa aje. Wewe njoo uwe shahidi.*

Alitoa elfu thelathini zilizokuwa za kodi ya nyumba, akapigiwa makofi.

Jumatatu asubuhi aliliacha gari juu barabarani akateremka kwa miguu hadi kwa Njagi. Mfukoni alikuwa na elfu ishirini alizokopa, na kichwani maneno aliyokuwa ameyapanga vizuri: Njagi aseme ilikuwa bahati mbaya, aombe msamaha, mzee ni mtu wa Mungu atasamehe, na pesa hii hapa ya usumbufu. Ilikuwa mipango ya mtu aliyezoea mambo kumnyookea.

Njagi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mkimya, aliyemfanyia kazi miaka minane. Muchangi alimkuta ameketi chini ya wavu wa kivuli, wembe mkononi, miche imepangwa mbele yake. Nyuma yake kulikuwa na avokado kumi na mbili zilizostawi, majani ya kijani kilichokolea, matunda yana vipele kama ngozi ya chura.

Muchangi aliyatazama yale matunda akasahau kusalimia. Mtu hasahau miti yake. Ule mkunjo wa matawi, vile vijani vipya vyekundu, aliviangalia miaka mingi kupitia dirisha la nyumba yake ya zamani.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwako," Njagi alisema. "Ile siku uliniambia umeuza shamba. Nilikata matawi kabla trakta haijaingia. Nilikuomba ruhusa. Ulisema chukua, ulikuwa kwa simu."

"Sikumbuki."

"Ulikuwa unaongea mambo ya gari." Njagi alifunga utepe kwenye mche, akauweka kando, akachukua mwingine. "Kaa kwa hiyo ndoo. Chifu ameniita. Nasikia nimeharibia mzee miti."

Muchangi aliigeuza ndoo akakaa, magoti yakamfika kifuani. Alisema aliyokuja kusema. Maneno yaliyokuwa mazuri garini yalitoka vipande vipande, na alipotoa ile bahasha mkono wake ulibaki hewani, kwa sababu wa Njagi haukutoka kwenye mche.

"Rudisha hiyo," Njagi alisema, bila ukali. "Nikiichukua, nani atakuja kununua hapa tena? Wewe ukiharibu jina uko na gari, watu wataona gari. Mimi watu wanakuja kuona hii miti, wanashika matunda, wananunua. Siko na kitu kingine."

"Njagi, nimekwisha. Nisaidie."

"Ulinisaidia kazi miaka minane. Sijasahau. Lakini hiyo siwezi."

Kuku alipita kati yao akidonoa. Muchangi aliirudisha bahasha mfukoni. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Kisha aliuliza swali ambalo hakuja kuliuliza.

"Kikonyo unauza pesa ngapi?"

"Kumi na tano."

"Hata kwangu?"

"Hata kwako."

"Nikikata ile miti ya mzee nipandikize upya, vitatu kila kisiki, ni mia mbili na arobaini."

Njagi aliinua macho, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Viko," alisema. "Lakini njoo uchukue baada ya Jumatano. Nataka nisikie kwanza utasema nini huko."

Ofisini kwa chifu Mzee Hezekiah alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Njagi aliketi kwenye ukingo wa benchi, kofia magotini. Wambeti alikuja pia. Hakukaa karibu na mumewe wala karibu na babake. Chifu alifungua kitabu kikubwa, akaandika tarehe, akauliza nani ataanza.

Muchangi alisimama. Hakuwa na suti siku hiyo.

"Mzee, Njagi hakuwepo," alisema. "Alikuwa ameacha kazi kabla ya mvua. Nilipandikiza mwenyewe. Shamba la miti mama nilikuwa nimeuza nikanunua gari. Vikonyo nilikata kwa miti ya watu, na nilijua sijui ni ya aina gani. Jumamosi nilimsingizia."

Mzee Hezekiah hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akairudisha.

"Krismasi ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukakula kuku."

"Nilikula, Mzee."

Msaidizi wa chifu alitaka kucheka, akajikaza. Chifu alishika kalamu akasema hili ni kosa la kuuza bidhaa isiyo yenyewe, kuna sheria yake, ataliandika. Mzee Hezekiah aliinua mkono.

"Usiandike, Chifu. Hii si maneno ya serikali. Hii ni maneno ya mahari." Akamgeukia mkwe wake. Alikuwa akimwita Baba Mukami siku zote; leo alimwita kwa jina. "Muchangi, wewe utaniletea mbuzi watatu. Wakubwa. Ile miti utairekebisha kwa mikono yako, si wafanyakazi. Na huyu," alimwonyesha Njagi kwa kidevu, "utamwomba msamaha sasa hivi, nikisikia."

Aliomba. Njagi alisema sawa, akavaa kofia, akasema ana miche ya kunyunyizia maji.

Prado iliuzwa wiki mbili baadaye kwa chini ya nusu ya bei yake, kwa mtu aliyeizunguka mara tatu akikosoa kila kitu. Nyumba ya mjini waliiacha mwisho wa mwezi. Walirudi Manyatta, vyumba viwili nyuma ya kitalu, na sofa ikakataa kupita mlangoni, ikauzwa pia. Mukami aliuliza kama basi la shule litajua kufika huku. Wambeti alimwambia huku kuna shule ya kwenda kwa miguu. Yeye mwenyewe alipanda ngazi na bisibisi akakishusha kile kibao chenye picha, akakigeuza kuwa meza ya kupandikizia. Picha iliangalia chini.

Wale mbuzi walifika Kianjokoma kwa pikapu ya kukodi, mtu mwingine kwenye usukani, Muchangi nyuma akiwashikilia pembe. Mzee Hezekiah alifungua midomo yao mmoja mmoja akahesabu meno. Alipomaliza alimwita mkewe atoe uji, na Wambeti, aliyekuwa amesimama mbali karibu na jiko, alikuja akakipokea kikombe cha mumewe kutoka kwa mama yake akampelekea mwenyewe. Lilikuwa jambo dogo. Muchangi aliushika ule uji kwa mikono miwili.

Avokado zote zilichumwa zikauzwa bei ya soko, na Mzee alizipokea pesa zile chache bila neno. Kesho yake Muchangi alianza mti wa kwanza. Ulikuwa mti mzuri, wenye afya. Hilo ndilo lililomuuma. Haukuwa na kosa lolote ila jina. Aliukata kwa msumeno wa mkono kwenye kimo cha kiuno, akaacha tawi moja liulishe, akapasua ganda kwa kisu, akachomeka vikonyo vitatu vya Njagi, akafunga utepe, akapaka chokaa shina lisiungue na jua. Kufikia saa sita alikuwa amemaliza mitano, na viganja vimetoka malengelenge.

Mzee Hezekiah alikuwa ameketi juu ya jiwe, karibu na wale mbuzi.

"Hii itazaa lini?"

"Miaka miwili, Mzee. Labda na nusu."

"Nitakuwa sabini na tano." Alisema tu, kama mtu anayetaja bei ya unga. Kisha akauliza, "Mwaka huo uliuza miche mingapi?"

"Elfu tatu."

"Na hapa ni themanini."

"Ndiyo."

Mzee aliinuka kumfungia mbuzi mmoja kamba iliyolegea.

Simu ililia. Muchangi alifuta mikono kwenye suruali. Alikuwa Gatakaa, mjane wa upande wa Meru anayeuza ndizi sokoni Gakoromone, aliyenunua miche arobaini mwaka uleule na kuibeba nyumbani kwa mafungu manne, kwa sababu nauli ya kubeba yote kwa mara moja hakuwa nayo. Sauti yake ilijaa furaha mpaka ikasikika nje ya simu.

"Muchangi! Miti yangu imezaa! Imejaa mpaka nimeweka miti ya kushikilia matawi! Mungu akubariki sana. Nimeita wanunuzi wiki ijayo, na nimeambia majirani mwenye miche atakuja. Kuja na ile gari yako kubwa waone."

Muchangi alitazama msumeno pale chini. Mzee Hezekiah aliacha kamba, akabaki ameinama, anasikiliza.

"Mama, wanunuzi waambie wasije," Muchangi alisema. "Lakini mimi nakuja. Nakuja kesho."

"Wasije kwa nini? Na gari?"

"Gari sina. Nitakuja na msumeno."

Sokoni huko alisikika mtu akitaja bei ya ndizi, mwingine akiikataa.

"Msumeno wa nini?" Gatakaa aliuliza, na ile furaha ilikuwa bado haijaisha yote sautini.

Muchangi aliketi juu ya gogo la mti alioukata asubuhi, akaanza kumweleza.